Saratani ya Burkitt: Jeni moja ikihama mahali pake, taya la mtoto huvimba kwa siku chache

Msikilizaji wetu, iko saratani moja ya watoto ambayo seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili. Jumatatu mzazi anaona shavu la mtoto limejaa kidogo. Jumatatu inayofuata meno yanacheza, jicho limeanza kusukumwa nje, na mtoto hali tena. Saratani hiyo inaitwa limfoma ya Burkitt, na ukanda wetu wa Ziwa Viktoria, kuanzia Mwanza na Mara hadi Kisumu, Jinja na kaskazini mwa Uganda, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazoijua zaidi.

Katika makala haya tunaeleza nini kinatokea ndani ya seli ya mtoto hadi ugonjwa huu ukaja kwa kasi hivyo. Tutazungumzia jeni na protini, maneno ambayo wengi tuliyaacha darasani, lakini tutakwenda hatua kwa hatua. Ukiyaelewa, utaelewa pia kwa nini daktari anataka kukata kinyama kabla ya kutoa dawa, kwa nini mtoto anawekewa dripu nyingi, na kwa nini kumtoa wodini kabla ya dozi kwisha ni hatari hata kama uvimbe umeyeyuka.

Ni saratani ya nini hasa?

Damu yetu ina chembe nyekundu zinazobeba hewa na chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa. Kati ya hizo nyeupe kuna zinazoitwa seli B. Kazi yake ni kutengeneza kingamwili, yaani zile protini zinazokamata vijidudu. Seli B huzunguka kwenye damu, lakini nyingi huishi na kufundishwa kazi ndani ya tezi, zile ambazo mtu akiumia mguu huvimba kwenye kinena na tunaziita mtoki.

Limfoma ya Burkitt huanza seli B moja inapoharibika na kuanza kujigawa bila kukoma. Ndiyo maana wataalamu huiweka katika kundi la saratani za damu na tezi, ingawa macho yetu huona uvimbe wa taya au tumbo. Katika ukanda wetu huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi saba, na wavulana ni wengi kuliko wasichana, karibu wawili kwa mmoja.

Nani aliitambua?

Mwaka 1957, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alikuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Aliitwa kumwona mtoto wa kiume mwenye uvimbe pande zote za mataya, juu na chini, kushoto na kulia. Haukuwa usaha wala jipu la jino. Muda mfupi baadaye alimkuta mtoto mwingine wa namna hiyo hiyo hospitalini Jinja. Alipopekua kumbukumbu za hospitali aliona kwamba watoto hao wenye uvimbe wa mataya mara nyingi walikuwa na uvimbe mwingine tumboni. Mwaka 1958 akachapisha taarifa yake ya kwanza.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, safari ya takriban maili 10,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zinaona watoto wa aina hiyo. Jibu lilichora ramani. Ugonjwa ulikuwa mwingi kwenye maeneo ya joto na mvua, na ulikuwa nadra sana kwenye nyanda za juu zinazopita takriban mita 1,500 karibu na ikweta. Ukiilinganisha ramani hiyo na ramani ya malaria kali, zinakaribia kulaliana.

Jeni ni nini, na protini ni nini?

Chukua ofisi ya mtendaji wa kijiji. Ndani yake kuna daftari kubwa lenye maelekezo ya kila kitu: namna ya kujenga choo, namna ya kulinda chanzo cha maji, namna ya kuitisha mkutano. Daftari halitoki ofisini. Fundi akihitaji maelekezo ya choo, karani hufungua ukurasa huo, huandika nakala kwenye karatasi, na fundi huondoka nayo kwenda kujenga.

Kila seli ya mwili wako ina daftari la namna hiyo. Limegawanywa katika majuzuu 46 yanayoitwa kromosomu, nayo huenda kwa jozi, 23 kutoka kwa baba na 23 kutoka kwa mama. Kila ukurasa wenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani ndio jeni. Binadamu ana takriban jeni 20,000 za namna hiyo. Kile kinachojengwa kutokana na nakala ndiyo protini, na karibu kazi zote za seli hufanywa na protini.

Hapa kuna jambo la kushika: seli ya jicho na seli ya ini zina daftari lile lile. Tofauti yake ni kurasa zipi zinafunguliwa na kunakiliwa, na mara ngapi. Jeni ikinakiliwa sana, protini yake inakuwa nyingi. Ikifungwa, protini hiyo haipo. Kwa hiyo mtaalamu anapotaka kujua seli fulani ina tabia gani, haangalii tu daftari lina nini. Anaangalia pia nini kinasomwa na protini zipi zimejaa.

Ukurasa uliohamishwa

Moja ya jeni zetu inaitwa MYC, na makao yake ni kwenye kromosomu ya 8. Protini yake ni kama mnyapara wa shamba: hupita kwenye kurasa nyingine nyingi na kuamuru zinakiliwe, ili seli ikue na kujigawa. Mwili unaihitaji, lakini kwa kiasi. Katika seli yenye afya, ukurasa wa MYC hufunguliwa kazi ikiwepo, kisha hufungwa, na protini yake huvunjwa ndani ya nusu saa hivi.

Sasa kumbuka kwamba seli B kazi yake ni kingamwili. Ukurasa wa kingamwili, ulio kwenye kromosomu ya 14, uko wazi muda wote, karani ananakili asubuhi na jioni. Tena seli B ina desturi ambayo seli nyingine hazina: hukata na kuunganisha upya sehemu ya ukurasa huo ili kingamwili ziwe bora zaidi. Ni kazi ya kawaida, lakini ni kazi ya mkasi, na mkasi unaweza kukosea.

Katika limfoma ya Burkitt, kromosomu ya 8 na ya 14 zimekatika na kubadilishana vipande. Ukurasa wa MYC umebandikwa jirani na ukurasa wa kingamwili, mahali ambapo kunakili hakukomi. Mnyapara aliyekuwa akiitwa mara chache sasa anatoa amri usiku na mchana. Katika takriban wagonjwa 8 kati ya 10, mabadilishano ni hayo ya 8 na 14. Kwa waliobaki, kromosomu ya 8 hubadilishana na ya 2 au ya 22, ambako pia kuna kurasa za kingamwili. Matokeo ni yale yale.

Ugunduzi huu ulikuja kwa awamu. Mwaka 1972 watafiti nchini Sweden waliona kwamba kromosomu ya 14 katika seli za ugonjwa huu ina kipande cha ziada. Mwaka 1976 ikajulikana kipande hicho kimetoka kromosomu ya 8. Mwaka 1982 ikathibitika kuwa jeni iliyosafirishwa ni MYC.

Tusisitize jambo moja kwa wazazi. Mabadilishano haya hutokea ndani ya seli moja ya mtoto baada ya kuzaliwa. Hayatoki kwenye damu ya mama wala ukoo wa baba, na si adhabu ya mtu. Mtoto mwenye limfoma ya Burkitt haambukizi wenzake, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea sahani wala kitanda.

Kirusi na malaria vinaingiaje?

Mwezi Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa mtafiti Anthony Epstein, ambaye alihisi kuna kirusi kinachohusika. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kwamba wamekiona kirusi ndani ya seli hizo. Kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr, na ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Usiogope ukisikia jina hilo. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanacho. Huenea kwa mate, na watoto wengi wa Afrika hukipata wakiwa wadogo sana bila hata kuugua. Hujificha ndani ya seli B maisha yote. Kati ya mamilioni wanaoishi nacho, ni wachache mno wanaopata saratani.

Ndani ya seli ya Burkitt, kirusi hicho hufanya ujanja. Kina jeni nyingi, lakini karibu zote huzifunga, na protini kuu inayobaki ikitengenezwa ni moja, iitwayo EBNA1. Kwa kuonyesha protini chache hivyo, kinakuwa kigumu kutambuliwa na askari wa mwili. Wakati huo huo, kinaisaidia seli kuishi pale ambapo ingepaswa kufa.

Malaria inafanya nini? Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, seli zake B hulazimika kuongezeka kila mara, na ule mkasi wa kukata na kuunganisha kurasa hufanya kazi kupita kiasi. Kadiri mkasi unavyotumika, ndivyo nafasi ya kukata pasipofaa inavyoongezeka. Pia malaria hudhoofisha askari wanaokizuia kirusi cha Epstein-Barr. Mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka malaria ya maeneo yenye maambukizi makali katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, kwa sababu ya ugonjwa huu.

Mkoa wa Mara una historia katika swali hili. Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa Mara Kaskazini walipewa vidonge vya klorokwini kwa mpango ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza Burkitt. Wagonjwa walipungua, lakini walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya vidonge, kwa hiyo jaribio halikutoa uthibitisho kamili. Hata hivyo chandarua chenye dawa na tiba ya mapema ya malaria vina faida tosha kwa mtoto, pamoja na hii inayodhaniwa.

Kwa nini inakua haraka na bado inatibika?

Tukirudi kwa mnyapara MYC, maumbile yaliweka breki. Seli inayojigawa kupita kiasi huamriwa ijiue yenyewe. Ndiyo sababu mtaalamu akitazama kinyama cha Burkitt kwenye hadubini, huona uwanja mweusi wa seli za saratani zilizosongamana, na katikati yake madoa meupe yaliyotawanyika. Madoa hayo ni seli safi zinazokula maiti za seli zilizokufa. Wataalamu duniani kote huuita mwonekano huo anga lenye nyota. Seli zinazaliwa kwa wingi na kufa kwa wingi, ila wazaliwa ni wengi kuliko wafu.

Ili saratani isonge mbele, mara nyingi breki nyingine nazo zimeharibika. Kwa baadhi ya wagonjwa jeni iitwayo TP53, inayotoa amri ya kujiua, imeharibika pia. Kwa wengine ni jeni ID3, ambayo ikiwa nzima huzuia amri fulani za kukua.

Lakini kuna habari njema. Katika saratani nyingine za tezi, seli hujaza protini iitwayo BCL2, ambayo ni kama ngao dhidi ya kifo. Seli za Burkitt kwa kawaida hazina ngao hiyo, au zinayo kidogo sana. Zaidi ya hayo, dawa nyingi za saratani huua seli zinapokuwa katika kujigawa, na hizi karibu zote zinajigawa. Kile kinachoufanya ugonjwa uwe mkali ndicho kinachoufanya uitikie dawa. Katika miaka ya 1960, Burkitt na wenzake waliona watoto wakipona kwa dozi chache tu za dawa, jambo lililokuwa geni wakati huo. Mwaka 1967 kikaanzishwa kituo cha matibabu ya limfoma Mulago, ambacho ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kwa nini daktari anataka kinyama?

Uvimbe wa taya unaweza kuwa jipu, kifua kikuu cha tezi au saratani nyingine. Kila kimoja kina dawa yake. Kwa kuchukua majimaji kwa sindano au kukata kinyama kidogo, maabara inatafuta alama za protini.

Ya kwanza ni CD20, protini iliyo juu ya ngozi ya seli B. Ikionekana, tumejua seli ni za ukoo gani. CD10 na BCL6 zinaonyesha kwamba seli ilitoka ndani ya tezi ilipokuwa ikifundishwa kazi. BCL2 hutarajiwa isiwepo. Halafu kuna Ki-67, protini inayopatikana tu ndani ya seli iliyo katika kujigawa. Kwenye limfoma ya Burkitt, karibu seli zote 100 kati ya 100 huwa na Ki-67. Maabara zenye uwezo zaidi hupima pia kama jeni MYC imehama.

Kukata kinyama hakusambazi ugonjwa huu. Kinachousambaza ni siku zinazopita bila dawa.

Matibabu yakoje?

Dawa zinazotumika zaidi katika ukanda wetu ni siklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati, kwa njia ya dripu na sindano, kwa mizunguko kadhaa. Baadhi ya dozi huchomwa mgongoni, kwa sababu seli za Burkitt hupenda kujificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa ya kwenye mshipa hufika kwa shida.

Dripu nyingi za maji zina sababu. Dawa ikianza, seli nyingi sana hufa kwa mkupuo, na mabaki yake yanaweza kuziba figo. Maji hayo, pamoja na dawa ya alopurinoli, hulinda figo za mtoto. Usimwondolee mtoto dripu ukidhani ni ya kupoteza muda.

Iko pia dawa mpya zaidi, rituksimabu. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara, nayo huikamata ile protini CD20. Katika utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu watoto wenye limfoma kali za seli B, wengi wao Burkitt, asilimia 93.9 ya waliopewa dawa za kawaida pamoja na rituksimabu walikuwa bado salama bila ugonjwa kurudi baada ya miaka 3, dhidi ya asilimia 82.3 ya waliopewa dawa za kawaida peke yake. Dawa hiyo ni ghali, na kwa kuwa huua pia seli B nzima, mtoto huhitaji uangalizi wa karibu dhidi ya maambukizi.

Katika nchi tajiri, watoto 9 kati ya 10 hupona. Katika hospitali nyingi za Afrika wanaopona ni nusu, au pungufu. Kirusi ni kile kile na jeni ni ile ile. Tofauti kubwa ni kuchelewa kufika, uhaba wa dawa na vipimo, maambukizi wakati wa tiba, na kuacha matibabu katikati.

Hilo la mwisho liko mikononi mwetu. Baada ya mzunguko wa kwanza uvimbe huweza kutoweka kabisa, na familia ikaona mtoto amepona, nauli imekwisha na mahindi yanasubiri kupaliliwa. Lakini seli chache zilizobaki bado zina ule ukurasa uliohamishwa. Zikiachwa, zitarudi, na mara nyingi zikirudi hazisikii tena dawa ile ile.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiona:

- Taya au shavu linavimba haraka, hata kama halimuumi sana.
- Meno yanacheza au yanapanda wakati si umri wa kung'oka. Usikubali yang'olewe kabla ya uvimbe kuchunguzwa.
- Jicho linasukumwa nje.
- Tumbo linajaa na kuwa gumu kwa siku chache.
- Miguu inakosa nguvu ghafla, au mtoto anashindwa kukojoa. Hii ni dharura, kwa sababu uti wa mgongo unabanwa.

Ukipewa dawa ya jino au ya malaria na uvimbe ukazidi kukua ndani ya wiki, rudi na uombe rufaa. Kwa Tanzania, Hospitali ya Bugando jijini Mwanza na Muhimbili jijini Dar es Salaam hutibu saratani za watoto. Kwa Kenya ziko Jaramogi Oginga Odinga jijini Kisumu na Moi mjini Eldoret. Kwa Uganda ni Taasisi ya Saratani huko Mulago na Hospitali ya Lacor mjini Gulu. Ukifika na nauli au gharama zikakushinda, usiondoke kimya kimya. Omba kuonana na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, na uwaeleze daktari na muuguzi.

Mtoto akiwa kwenye dawa hizi na akapata homa, usimpe panadoli ukasubiri asubuhi. Mrudishe hospitali hata kama ni usiku, kwa sababu kinga yake iko chini.

Msikilizaji, makala haya yanaeleza ugonjwa, hayachukui nafasi ya daktari. Kama kuna mtoto jirani mwenye uvimbe wa taya na familia inahangaika na dawa za jino, wasomee orodha ya dalili hapo juu, kisha muwahi kituo cha afya leo.